Maji Meupe ya Mto Kwamzindi

Hafsa Suleimani alipokuwa bado mtoto wa shule ya msingi, siku moja mvua ilinyesha upande mmoja tu wa barabara.

Ilikuwa Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili, mbele ya banda ambamo baba yake alitengeneza baiskeli. Ng'ambo, kwa muuza mkaa, maji yalimwagika kutoka kwenye mabati kana kwamba mtu amepindua pipa. Upande huu vumbi lilibaki vumbi, na kuku walikuwa wakijigaragaza ndani yake. Watu walitoka barazani wakasimama, midomo wazi. Muuza mkaa alikuwa akihangaika kufunika magunia yake huku akipiga kelele:

"Suleimani! Hivi Mungu wenu na wetu si mmoja?"

"Ni huyo huyo," baba akajibu bila kuacha gurudumu lililokuwa mkononi. "Leo kaona na wewe uoge."

Mtaa mzima ulicheka, lakini Hafsa hakucheka. Alishuka barazani, akatembea hadi katikati ya barabara na kusimama pale mvua ilipoishia. Bega moja likalowa na jingine likabaki kavu. Alikaa hapo hadi mama yake akamvuta sikio. Leo ni mtu mzima mwenye miwani na wateja, lakini ukimuuliza kwa nini alisomea hali ya hewa hatakutajia mshahara wala mwalimu wa jiografia. Atakuambia kwamba alitaka kujua ni nani aliyechora ule mstari.

Alikwenda kusoma Kigoma, ambako ziwa hujitengenezea ngurumo zake lenyewe. Alifanya kazi Dar es Salaam, akirusha angani maputo makubwa yenye vipimo. Kila puto lilipomponyoka mikononi alilitazama hadi likawa nukta, na wenzake walimtania kwamba anayaaga kama mtu anayesafirisha mchumba. Baadaye serikali ilimpeleka Bangladeshi kujifunza utabiri wa mafuriko. Huko alikuta mito ambayo mtu akisimama ukingoni haoni ng'ambo, na watu wanaokaa ofisini kupiga hesabu ya mvua iliyonyesha katika nchi nyingine, juma lililopita, ili wajue mkulima fulani ahamishe ng'ombe wake siku gani. Jambo hilo lilimkaa moyoni. Hadi wakati huo alikuwa amezoea kutazama juu. Kule alijifunza kuangalia maji yanatoka kwa nani.

Aliporudi aliitumikia serikali miaka mingi, kisha akaaga na kufungua ofisi yake mwenyewe katika lile lile banda la baba yake. Kompyuta ikakaa mahali palipokuwa na pipa la grisi. Minyororo ya baiskeli bado inaning'inia ukutani, na wateja huigusa wakisubiri majibu. Shamba la mkonge linataka kujua lini likate. Mwenye hoteli mmoja wa Ushongo humpigia asubuhi kumwomba apunguze upepo, wageni wake wakaogelee, kama vile Hafsa ana swichi mezani. Na kuna watu wa chumvi wa Kichangani. Hao ndio wateja wake wa kwanza, na ndio ndugu zake, maana kiongozi wa akina mama wanaokwangua chumvi huko ni shangazi yake, Bi Kijakazi binti Tahiri, dada mkubwa wa marehemu baba yake.

Kichangani ni kijiji kilichokaa nyuma ya mikoko, pale mto Kwamzindi unapoingia baharini. Huwezi kukiona kwa mbali, ila utaona weupe. Maji ya bahari huingizwa kwenye majaruba yaliyozungukwa na matuta ya udongo, hufungiwa humo, na jua huyanywa kidogo kidogo hadi ibaki chumvi. Kazi hiyo inataka kiangazi kisicho na doa. Manyunyu ya dakika chache huharibu kilichosubiriwa kwa majuma. Kwa hiyo kila alfajiri Hafsa huwatumia ujumbe kwenye simu, neno moja tu, kwa sababu Bi Kijakazi alikataa maneno mengi: "Mwanangu, mimi sitaki hotuba. Niambie kavu au mbichi." Basi huwa ni KAVU, au ni MBICHI.

Siku moja, ukingoni mwa kiangazi, vuli ikiwa bado haijabisha hodi, aliandika KAVU. Na ilikuwa kavu kweli. Anga ya Tanga ilikuwa buluu toka pembe hadi pembe.

Baada ya chai, simu ikalia. Alikuwa Manase, mkulima wa mahindi na iliki kule milimani juu ya Maramba, mwimba besi wa kwaya ya Kilutheri, ambaye Hafsa alimpa kipimamvua akifunge uani kwake. Wanatania tangu siku ya kwanza.

"We mtu wa pwani! Kopo lako limejaa."

"Limejaa nini, pombe?"

"Nakwambia limejaa. Nimemwaga, limejaa tena, na bado namwaga. Huku mvua inanyesha kama imekatazwa kesho."

Hafsa aliacha kucheka. Alivuta picha za setilaiti kwenye kompyuta. Wingu lilikuwepo, dogo, jeupe, limekaa juu ya mlima kama kilemba, na tangu usiku halikuwa limesogea hata kidogo. Mchana uliotangulia alikuwa ameliona akadhani litapita.

"Upande gani, Manase? Mahindi au msitu?"

"Ndiyo maajabu yenyewe. Msituni tu. Nimesimama kwenye kibaraza, kushoto iliki yangu inazama, kulia mahindi yananitazama na kiu yake. Mstari huu hapa, naweza kuuruka."

Hafsa aliutambua. Ulikuwa mstari ule ule wa utotoni, sasa umelala juu ya mlima mzima.

Aliona jambo zima kwa mara moja, na kwanza kabisa lilimshangaza kabla ya kumtisha. Upepo kutoka baharini ulikuwa umebeba unyevu usioonekana, ukapita juu ya Kichangani usiku kucha bila kudondosha tone, ukaenda kugonga mlima, na mlima ukaukamua. Jua lilikuwa limechukua maji kutoka majarubani na kuacha chumvi. Maji yale yale, au ndugu zake, yalikuwa yamekwenda kujikusanya juu. Na sasa yalikuwa njiani kurudi.

Kilichomtisha ni rangi. Mto Kwamzindi una mikono miwili. Mmoja unapita katikati ya mashamba, na ukijaa huja mwekundu kwa udongo. Mwingine unatoka msituni, ambako mizizi imeshika ardhi. Watu wa Kichangani wana kanuni moja ya mafuriko, waliyorithi na ambayo imewaokoa mara zote: maji yakiwa mekundu, ondoka. Watoto huifundishwa kabla ya kujua kuogelea. Lakini mvua hii ilikuwa msituni. Maji yangeshuka meupe, na hakuna mtu Kichangani aliyewahi kukimbia maji meupe.

Alimpigia shangazi. Simu ililia hadi ikachoka. Wakati wa kukwangua akina mama huacha simu nyumbani ili zisiliwe na chumvi. Akampigia imamu wa kijiji, Shehe Haji.

"Mafuriko?" Shehe Haji akauliza kwa upole wa mtu anayezungumza na mgonjwa. "Mwanangu, nimetoka mtoni sasa hivi kutia udhu. Maji meupe kama ya chupa."

Hafsa alifunga banda, akamwita kijana wa bodaboda, akamwambia aendeshe asiogope mashimo.

Alipofika, chumvi ilikuwa imeiva. Majaruba yalimeta hadi macho yakauma. Akina mama walikuwa wameinama na reki zao, kanga zimefungwa viunoni, wakivuta chumvi kuwa vichuguu vyeupe, vichuguu juu ya vichuguu hadi karibu na mikoko. Kwenye matuta ya mbali wanaume walikuwa wakijaza magunia. Hakuna wingu. Asmahani, ambaye ulimi wake unajulikana hadi soko la Mgandini, alikuwa wa kwanza kumwona.

"Mama Mawingu kaja! Jamani ficheni chumvi!"

"Shikamoo Shangazi," Hafsa akasema, akihema.

"Marahaba mwanangu. Mbona mbio? Nani kafa?"

"Bado hajafa mtu. Shangazi, ondokeni huku chini. Mto unakuja."

Reki zilisimama. Kisha Asmahani akashika kiuno.

"Si umetuandikia kavu asubuhi?"

"Nimeandika, na ni kavu. Hapa halitaanguka tone."

"Sasa?"

"Sasa maji yatakuja bila mvua."

Walicheka hadi mmoja akakaa chini kwenye tuta. Hafsa akatoa simu akawaonyesha picha ya wingu, akaeleza kipimamvua cha Manase, msitu, mwinuko, mwendo wa maji. Alieleza vizuri. Alikuwa amewahi kueleza hayo mbele ya mawaziri. Bi Kijakazi alimsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kisha akageuka akanyoosha kidole kuelekea mtoni.

"Mwanangu, mimi nimekua na mto huu. Unajua kuua, lakini hauji kama mwizi. Huvaa nyekundu kwanza, tukauona, tukatoka. Leo tazama ulivyotakata. Na chumvi hii tukiiacha, bamvua la jioni litaleta bahari juu ya matuta liichukue. Unataka niwaambie nini hawa?"

Hafsa aliirudisha simu mfukoni. Alimtazama shangazi miguuni. Miguu ile ilikuwa imeshinda majini tangu ujana, nyayo zimepasuka kama udongo wa jaruba. Akamshika mkono.

"Usiwaambie kitu. Njoo tu mtoni, uingie mguu."

"Nikishaingia utaniacha nifanye kazi?"

"Nikishindwa nitashika reki mimi mwenyewe."

"Haya! Mnasikia? Msomi atashika reki!"

Wakaenda, na nusu ya akina mama nyuma yao, kutazama kichekesho. Bi Kijakazi alipandisha kanga, akaingia hadi vifundoni, na hapo hapo akaruka nje kama aliyekanyaga kaa.

"Yalaa! Maji gani haya?"

"Yakoje?"

"Ya barafu! Saa hizi? Na jua hili?"

Kila siku ya kiangazi maji ya mto pale hufika yakiwa ya uvuguvugu, yametembea juani polepole kuvuka tambarare yote. Haya yalikuwa na haraka. Hayakuwa yamepata muda wa kuota jua. Bi Kijakazi aliinama, na sasa hakuna aliyecheka. Majani marefu ya kijani yalikuwa yakielea, moja, kisha mengi. Akaokota moja, akalifikicha kiganjani, akalinusa. Akampa Asmahani.

"Iliki," Asmahani akasema kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyeijua kuwa anayo.

Iliki haioti Kichangani wala popote karibu na Kichangani. Inaota chini ya miti mikubwa ya mlimani, mahali ambapo wengi wao hawajawahi kufika. Bi Kijakazi akatazama mlango wa mbao unaoingizia maji ya bahari majarubani. Bahari ilikuwa imekupwa. Saa hizo mlango ule hukaa mkavu, kaa wakipita chini yake. Maji yalikuwa yameufikia, meupe, kimya, na yalikuwa yakiupanda.

"Bahari inashuka na mto unapanda," alisema. "Laa ilaha illa Allah. Umekuja bila kuvaa."

Alikuwa ameamini. Lakini kuamini kwake hakukutosha, maana kijiji kizima kilikuwa kimetawanyika kwenye matuta, wengine mbali kiasi kwamba ukiita unasikiwa na kunguru tu. Wakakimbilia msikitini. Shehe Haji alisikiliza, akanusa lile jani, uso ukambadilika. Akashika kipaza sauti, kisha akakishusha.

"Nikitangaza mafuriko, watatazama juu, wataona jua, watarudi kwenye chumvi. Ningekuwa mimi ningerudi."

"Kule Bangladeshi hutangaza misikitini na watu huondoka," Hafsa akasema.

"Huko wamezoea. Hapa mtu akisikia kipaza sauti nje ya wakati wa sala anajua jambo moja. Msiba. Hapo huacha kila kitu. Lakini nitangaze msiba bila maiti? Siku ya kuulizwa nitasema nini?"

Bi Kijakazi alikuwa amesimama mlangoni, bado anadondosha maji. Akasema kama mtu anayeagiza sukari dukani:

"Tangaza hitima."

"Ya nani?"

"Ya marehemu mume wangu. Sema Kijakazi binti Tahiri anamsomea hitima mumewe, chuoni, sasa hivi. Na kila aliyekula wali wa arobaini yake anatakiwa."

Chuo cha Kurani kiko juu, kwenye mwinuko wa mawe ya matumbawe, mahali pa juu kuliko pote Kichangani. Kiwanja alikitoa mumewe huyo huyo. Na wali wa arobaini yake kila mtu aliula.

"Bi Kijakazi, hitima unaifanya kweli, au—"

"Shehe, mimi nimewahi kukudanganya? Nimenuia. Naifanya leo. Na asiyekuja nisimwone kwenye yangu."

Shehe Haji akafikiri kidogo, akaona hakuna uongo ndani yake, akatangaza.

Walikuja. Ndiyo ada, na hakuna anayetaka kuwa yule ambaye hakwenda. Walikuja wakinung'unika, reki begani, watoto mgongoni, wazee wakishikwa mikono, wanaume na vumbi la chumvi kwenye kope. Wengine walisema bibi kaota ndoto mbaya. Mmoja aliuliza kwa sauti kama kuna pilau, na Bi Kijakazi akamjibu kutoka juu: "Panda kwanza, mlafi wewe!" Alisimama kwenye ngazi za chuo akiwataja kwa majina, nyumba kwa nyumba. Alipokuta fulani hayupo, alimrudisha ndugu yake akamfuate. Hafsa alisimama kando. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kuona onyo likifika kwa kila mtu namna hiyo, bila mmoja kukosa.

Wa mwisho walikuwa bado njiani, hawajamaliza kupanda mwinuko, Asmahani aliposema, "Tazameni."

Hapakuwa na mngurumo, wala ukuta wa maji wa hadithi. Tambarare ilianza tu kuakisi anga. Njia iliyotoka kijijini, ambayo wote walikuwa wametembea juu yake muda si mrefu, iligeuka buluu. Kisha msikiti ukawa na msikiti wa pili chini yake, umepinduka. Mto ulikuwa umepanda kingo zake kwa utulivu wa mtu anayeingia nyumbani kwake, safi, ukiwaka kwa jua, umebeba majani na maua ambayo hakuna aliyejua majina yake, na gogo moja kubwa lenye ndevu za kuvu lililozunguka polepole kama linatafuta mahali pa kukaa. Harufu ikawafikia juu pale, ya msitu uliolowa, baridi, na iliki.

Kisha ukafika majarubani. Vichuguu vyeupe vilisimama kwa muda, kila kimoja na mviringo wa maji kukizunguka. Vikaanza kulegea kutoka chini. Kimoja kikainama, kikaketi, kikawa hakipo. Kingine. Safu nzima. Kiangazi kizima cha migongo iliyoinama kiliyeyuka mbele ya macho yao bila sauti, na kilipokwisha maji hayakuwa yamebadilika rangi hata kidogo.

Hakuna aliyelia. Baadaye walilia, walipoona kuta za nyumba zilivyokatika na magunia yalivyobaki matambara. Wakati ule walitazama tu, kama mtaa wa Ngamiani ulivyotazama zamani. Hafsa alijua mwendo wa maji yale, kina chake, na saa yatakapokutana na bamvua. Alikuwa ameyakokotoa njiani, nyuma ya pikipiki, na yalikuja karibu kama alivyosema. Lakini kuyajua hakukumpunguzia kitu. Alisimama na mdomo wazi. Maji yalikuwa yamekwenda angani yakaacha chumvi yao hapa, yakazunguka yalikozunguka, na sasa yalikuwa yamerudi kuichukua.

"Bahari imefuata mali yake," alijisemea.

Asmahani alimsikia. Alivuta harufu, macho hayabanduki majini.

"Chai ya iliki," akasema. "Mungu kaipika nzuri. Ila katia chumvi."

Mtu akacheka, kisha mwingine, kicheko chenye kutetemeka. Kikaenea hadi kwa wanaume, kikazimika.

Yule aliyeuliza pilau akajikohoza. "Sasa tumeokoka, tufanyeje? Tukae tu?"

Bi Kijakazi akamgeukia. Machozi yalikuwa yamemjaa, lakini sauti ilikuwa ile ile ya jarubani.

"Tufanyeje nini? Nimewaita kwenye hitima. Kaeni chini. Wanaume huku, wanawake huku. Shehe, anza."

Shehe Haji akatazama maji, akatazama umati, akaketi. Watu wakatua reki mabegani, wakakaa juu ya mawe, wengine kwenye ngazi za chuo. Misahafu ikagawanywa. Simu ikatetema mfukoni mwa Hafsa. Alikuwa Manase, na Hafsa akajibu kwa kunong'ona, kiganja mdomoni.

"Maji yetu yamefika?" Manase akauliza, na kwa mara ya kwanza hakutania.

"Yamefika."

"Na watu?"

Hafsa akainua macho. Alimwona Asmahani, aliyeinua viganja viwili kwa dua. Aliona vichanga, wazee, yule mlafi, na shangazi yake amekaa mbele kabisa na nyayo zake zilizopasuka, kanga yake bado mbichi.

"Wote wako hapa," alisema. "Ngoja kidogo, Manase, tunasoma."

Hakukata simu. Aliiweka juu ya jiwe, karibu naye, akavuta ushungi wake akakaa. Chini yao mto ulipita kuelekea baharini, mweupe kama ulivyokuja, na sauti zao zikapanda pamoja, na kule milimani mwimba besi wa kwaya akasikiliza hadi mwisho.